Toka Shinkolobwe hadi mashini ya munganga: historia ya kunasa mionzi

Ndugu wasomaji wa Tchomia, na ninyi mlio katika kambi za wahamaji, neno "mionzi" linawakumbusha wengi bomu tu. Si ajabu. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima, mwaka wa 1945, ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Lakini mbele ya vita, tangu mwaka wa 1922, mawe yale yale yalikuwa yakipelekwa Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiamu ya kutibu kansa.

Shida ni kwamba mionzi hiyo haionekani kwa macho. Lazima kuwe na kitu cha kuinasa. Mwaka wa 1895 Röntgen, Mjerumani, aliona karatasi iliyopakwa dawa iking'aa gizani, na picha za mifupa zikaanza hapo. Nyuma yake ikatawala filamu. Filamu yenyewe hunasa sehemu ndogo tu ya mionzi. Inayobaki inapita bure, kiisha mwili wa mgonjwa umeipokea tayari.

Katika miaka ya 1950, Mmarekani Hal Anger aliweka kristali mbele ya tyubu zinazohesabu mimweko ya mwanga. Munganga akaweza kuona dawa yenye mionzi inatembea wapi mwilini. Mwaka wa 1977, huko CERN, Geneva, ambako wataalamu wanachunguza chembe ndogo kupita atomu, David Townsend na Alan Jeavons walipiga picha ya panya kwa njia ingine: kila mara dawa inatoa fotoni mbili zinazokimbia pande mbili zinazopingana, na vyombo vinazinasa pamoja. Leo kazi hiyo inafanywa hata na vipande vidogo vya silikoni.

Na sisi? Kinshasa ilipata reakta ya kwanza katika Afrika, TRICO, mwaka wa 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, chini ya padri na mwanafizikia Luc Gillon. Ya pili ilianza mwaka wa 1972. Imesimama miaka mingi sasa.

Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilianza kupiga picha za fotoni mbili mwaka wa 2018. Dawa yake, fluorini-18, inapoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. Hesabuni wenyewe barabara ya kutoka Bunia kushuka hadi ziwani wakati wa mvua, na vizuizi vyake. Ndiyo maana kuomba mashini hiyo peke yake ni bure, kama hakuna kiwanda cha dawa karibu.

Kwa maoni yangu, tudai kwanza bamba la radiografia lisilotumia filamu. Linahitaji umeme wa kutegemea na fundi. Picha inaenda kwa simu hadi kwa munganga wa mbali, na familia ikikimbia usiku, picha ya kifua cha mtoto haibaki ndani ya nyumba inayoungua.