Kifrisia cha Saterland: Lugha Iliyolindwa na Vinamasi

Kaskazini-magharibi ya Ujerumani, katika jimbo la Niedersachsen, kuna vijiji vinne vijulikanavyo kwa pamoja kwa jina la Saterland. Humo husemwa lugha ambayo wenyewe huiita Seeltersk. Ndiyo masalio pekee ya Kifrisia cha Mashariki, kilichokuwa kimeenea katika pwani ya huko. Wenzake wa visiwani wamekwisha toweka: kile cha Wangerooge kilikufa katikati ya karne ya 20.

Yafaa tujiulize sababu ya kusalia kwake. Wafrisia waliohamia Saterland katika Zama za Kati walizungukwa na vinamasi vikubwa, na kwa karne nyingi njia yao kuu ilikuwa mto. Isitoshe, wao walikuwa Wakatoliki, ilhali majirani zao wa Frisia Mashariki walifuata madhehebu ya Luther. Basi hata kuoana kulikuwa kwa nadra. Lakini barabara zilipojengwa na vinamasi kukaushwa, ngome hiyo ilibomoka. Baada ya vita vya 1939–1945 walifika wakimbizi wengi wasemao Kijerumani, na wazazi wakaanza kuwalea watoto kwa lugha ya shule na ya kazi.

Wataalamu hawakukaa kimya. Pyt Kramer, Mfrisia wa Uholanzi, alitoa kamusi mwaka 1961. Marron Fort, mwanaisimu wa Kimarekani, akatoa yake mwaka 1980, na tafsiri yake ya Agano Jipya na Zaburi ikachapishwa mwaka 2000. Hata hivyo, tahajia zao hazikulingana, hasa katika matumizi ya alama juu ya herufi. Tangu 1999 lugha hii inalindwa nchini Ujerumani chini ya Mkataba wa Ulaya wa lugha za kimaeneo na za wachache, nayo hufundishwa katika shule za huko.

Pamoja na hayo, wasemaji wake hukadiriwa kuwa baina ya 1,500 na 2,500 tu, katika wakazi zaidi ya 13,000. Hapa pana funzo kwa sisi tushughulikao na istilahi. Kamusi huhifadhi neno, na sheria hulipa heshima. Lakini neno lisilosikika jikoni, sokoni wala ofisini halirithiwi na mtoto. Kwa hiyo kila orodha ya istilahi tuitoayo ipimwe kwa swali moja: ni nani atakayeyasema maneno haya, na wapi?