Petroli Haina Okteni 95, Ina Himili 95

Namba 91, 93 au 95 inayoambatana na petroli hufasiriwa kwa Kiswahili kwa njia mbili, na zote zinapotosha. Wapo wanaoiita "nguvu ya petroli", na wapo, hasa wapenzi wa istilahi zilizopigwa muhuri na kamati, wanaoandika "kiwango cha okteni". Ya kwanza si kweli hata kidogo. Ethanoli hupita 100 katika kipimo hicho, ilhali nishati iliyomo katika lita yake moja inapungukiwa na ile ya lita ya petroli kwa takriban theluthi. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa imevikwa joho la utaalamu. Kiwango cha kitu, katika Kiswahili cha kila siku, ni kiasi chake: kiwango cha sukari katika damu, kiwango cha chumvi katika maji. Msomaji akikutana na "kiwango cha okteni 95" ana haki ya kuamini kwamba mafuta yale yana okteni sehemu 95 katika mia. Hayana.

Okteni ni jina la kikemia lililotokana na nane ya Kigiriki, kwa sababu molekuli yake ina atomi nane za kaboni. Kipimo kilipobuniwa Marekani katika miaka ya 1920, zilichaguliwa kemikali mbili: isookteni, isiyogongesha injini kwa urahisi, ikapewa 100, na heptani, inayogonga upesi, ikapewa 0. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa isookteni 95 na heptani 5 ikaitwa 95, hata kama imetengenezwa kwa vitu vingine kabisa. Tolueni, yenye kaboni saba tu, inapita 100. Na okteni yenyewe, ile ya mnyororo ulionyooka, iko chini ya sifuri! Anayelitetea jina hili angefungua kitabu kimoja cha kemia, angeliona hilo.

Kinachopimwa ni uwezo wa kustahimili. Pistoni hukandamiza hewa na mvuke wa petroli, plagi hutoa cheche, moto huanza kusambaa. Petroli isiyostahimili mkandamizo na joto hujilipukia pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo fundi husikia injini ikigonga. Neno la hali hiyo tunalo: himili. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa kubeba, ule ule uliotupa hamali anayebeba mizigo, mhimili unaobeba paa na stahimili ya anayebeba shida. Wanaopinga watasema himili ni kitenzi. Stahili na hitaji nazo ni vitenzi, na kila siku tunazitumia kama nomino bila kigugumizi. Watasema pia kwamba okteni ni neno la dunia nzima. Na libaki, kama jina la molekuli. Lakini hata Wajerumani, ambao nao wana namba ya okteni, wanalo pia neno lao Klopffestigkeit, yaani uimara dhidi ya kugonga. Mtu angeweza kupendekeza "uhimilivu dhidi ya kugonga", jina ambalo muuza mafuta hatalimaliza kabla tangi halijajaa. Petroli ya himili 95: fupi, na inasema kazi yake.

Kwa matumizi, dereva asome kitabu cha gari au kibandiko kwenye kifuniko cha tangi: injini inayotaka himili 91 haiongezewi chochote cha maana kwa kununua 95, na yenye turbo inayotaka 95 isipewe chini ya hapo. Gari la Japani lililoandikiwa petroli ya kawaida liliundwa kwa himili 89 na kuendelea. Kitabu cha Marekani kikisema 87, ni takriban 91 au 92 kwa hesabu yetu, kwani wao huchukua wastani wa vipimo viwili nasi hutumia kile kimoja kinachotoa namba kubwa.

Anayeamini amenunua "nguvu" hulipia kitu ambacho hakimo katika mafuta. Basi watunga kamusi waiache okteni kwa wanakemia, na kwenye pampu iandikwe himili.