Uti ni mfupa, ugwe ni kitu kingine

Mwambie mtu aguse uti wa mgongo, atapeleka mkono nyuma na kupapasa vifundo vya mfupa. Hajakosea. Uti ni kitu kigumu kinachosimamisha kingine, na ndiyo maana tuliimbiwa tangu utotoni kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Taabu inaanza pale jina hilohilo linapopewa kilichomo ndani ya mfupa: kamba laini, nyeupe, nene kama kidole kidogo, inayoteremka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 45 hivi, na huishia juu ya kiuno, mbali kabisa na mwisho wa mfupa wenyewe.

Mkanganyiko huu una gharama. Homa ya uti wa mgongo si ugonjwa wa mfupa, ni maambukizi ya tando zinazofunika ubongo na kamba hiyo. Daktari akitaka kuipima huomba kutoa maji mgongoni, na ndugu wa mgonjwa hushtuka: sindano kwenye uti? Si atapooza? Kwa mujibu wa jina, hofu yao ina mantiki. Ila sindano huingizwa chini, baina ya pingili za kiunoni, mahali ambapo kamba imeshakwisha na mizizi ya neva tu ndiyo inayoelea majini. Wanaanatomia wameiita mizizi hiyo, kwa Kilatini, mkia wa farasi.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaosema ugwe mgongo. Ugwe ni kamba nyembamba, na wingi wake, ngwe, una zawadi ndani yake. Ngwe ni pia kipande cha shamba apimiwacho mtu alime, na siku hizi ni awamu: ngwe ya kwanza, ngwe ya lala salama. Sasa tazama ugwe mgongo. Umegawanyika vipande, na kila kipande hutoa jozi moja ya neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu, jumla 31. Kila jozi ina eneo lake la mwili la kuhudumia. Hizo ni ngwe kabisa, zimepimwa na kugawiwa.

Jina la pili linalokanganya, mshipa wa fahamu, ni gumu zaidi. Mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu, ni ukano, ni henia, na ukiongezewa "wa fahamu" ni neva. Wapo wanaotucheka kwa hilo. Wangejua kwamba neno la Kigiriki lililozaa "nyuroni" lilimaanisha kano na uzi wa upinde, wasingecheka. Mjerumani Waldeyer alilichukua mwaka 1891 akalibana limaanishe seli moja tu. Kinachonisumbua mimi ni hiyo "fahamu". Ukikanyaga mwiba, mguu unaruka kabla hujajua kilichotokea. Amri imetoka kwenye ugwe, na habari imefika ubongoni baadaye. Seli iliyofanya kazi hiyo haikungoja fahamu ya mtu. Basi neva ibaki kuwa fungu zima la nyuzi, na seli moja moja iwe nyuroni.

Ukikata ugwe mgongo kwa upana utaona katikati rangi ya kijivu yenye umbo la kipepeo. Mabawa ya nyuma hupokea habari za maumivu, joto na mguso. Mabawa ya mbele yana nyuroni kubwa zinazotuma nyuzi hadi kwenye misuli. Ile "polio" tunayowapelekea watoto matone yake ni neno la Kigiriki la rangi hiyo ya kijivu. Virusi vyake huingia katika mabawa ya mbele, huua nyuroni za misuli na kuziacha jirani zake. Ndiyo maana mtu aliyepooza mguu kwa polio, mbu akimuuma mguuni anahisi, ila hawezi kuusogeza. Virusi vilitambua aina za seli kabla ya sisi kuwa na orodha yake.

Orodha ya awali yenye uzito ilikuwa ya matabaka. Mwaka 1952 Bror Rexed wa Sweden, akichunguza paka kwa hadubini, aliigawa sehemu ya kijivu katika matabaka kumi, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. (Huyu ndiye aliyekuja kuongoza idara ya afya ya nchi yake na mwaka 1967 akatangaza kwamba atamwita kila mfanyakazi "wewe", bila vyeo. Sijui angefanyaje na shikamoo.) Lakini tabaka ni anwani tu. Nyumba moja yaweza kukaa mwashi, mshonaji na mvuvi.

Ukitaka kujua fundi ni wa kazi gani, angalia kapu lake la vyombo: timazi na mwiko, au randa na patasi. Karibu seli zote za mtu zina jeni zilezile; kinachozitofautisha ni jeni zipi zimenakiliwa kwa matumizi ya sasa. Nakala hizo, yaani RNA, ndizo vyombo kapuni. Kuing'oa nyuroni nzima ya mtu mzima ni kama kung'oa mkoko na mizizi yake yote, itakatika. Watafiti hutoa kiini chake peke yake, ambacho hustahimili hata kugandishwa, wakasoma nakala zilizomo. Hivyo ndivyo kundi la Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi za afya za taifa za Marekani lilivyochora ramani ya ugwe mgongo wa kiunoni wa binadamu, likaichapisha mwaka 2023: mafungu 35 ya nyuroni na 29 ya glia, seli zinazozitunza.

Nimesema mafungu kwa makusudi. Kompyuta huweka pamoja viini vyenye nakala zinazofanana, kama muuza nyanya anavyopanga mafungu mezani. Nyanya iliyo mpakani ingeweza kwenda huku au kule. Kuliita kila fungu "aina" ni kuvuka hatua moja. Aina inahitaji ushahidi wa kazi, umbo na mahali pia. Katika ramani hiyo mafungu ya nyuroni yalifuatana hasa na mahali yalipo.

Fungu la nyuroni za misuli ndilo lililokuwa na alama zake waziwazi: jeni za ukubwa wa seli, za kiunzi chake cha ndani, na jeni zinazohusishwa na ule ugonjwa aliougua mwanafizikia Stephen Hawking, ambao huziua nyuroni hizo taratibu. Uzi wa moja unaweza kutoka kiunoni hadi unyayoni. Naziita nyuroni tarishi. Tarishi wa ofisi hatungi barua, huipeleka. Amri hutungwa ubongoni au ndani ya ugwe, na yeye ndiye wa mwisho kuifikisha kwa msuli. Hakuna njia nyingine ya kupita.

Ila nimeshakwama. Miongoni mwao zipo ndogo ambazo hazifikishi amri ya kuinua chochote. Zinakwenda kwenye vipima mvuto vilivyomo ndani ya msuli na kuvikaza, ili visilegee msuli unapofupika. Hizo si tarishi. Zinafanana na mpiga udi anayekaza nyuzi, na bado sijazipatia jina.