Nauli za ndege KIA: kwa nini hushuka mashirika yakishindana, na kwa nini hupanda tena

Hata kama hujawahi kupanda ndege, biashara ya ndege inakugusa. Mgeni anayeshuka mlimani pale Marangu au Mweka mara nyingi safari yake ya pili ni Zanzibar. Akipata ndege ya bei nafuu kutoka hapa, anakuja. Ikiwa ghali mno, huenda akachagua nchi nyingine, na mgongozi, mpagazi, mpishi na mama muuza ndizi wote hukosa. Vilevile mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili, au mtoto aliyeitwa msibani Rombo akiwa Dar es Salaam, anahitaji kufika leo. Ndiyo maana tumeandaa maelezo haya kuhusu ushindani wa mashirika madogo ya ndege.

Viwanja na njia zenyewe

Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, maarufu kama KIA, uko wilayani Hai, kati ya Moshi na Arusha. Ulifunguliwa mwaka 1971. Barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, hivyo ndege kubwa kutoka Ulaya hutua bila shida. Kutoka hapo kwenda Dar es Salaam au Zanzibar ni mwendo wa saa moja hivi.

Upo pia uwanja mdogo wa Arusha, pale Kisongo. Huko hutumika zaidi ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti visivyozidi kumi na vichache. Kampuni kama Coastal Aviation na Auric Air zimejenga biashara yao kwa ndege za namna hiyo, zikiunganisha mbuga za kaskazini na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. KIA hutumika zaidi ndege za pangaboi zenye viti 50 hadi 70 na zaidi, na ndege za jeti.

Ilivyoanza

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa mwaka 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha shirika lake, Air Tanzania. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililoshika njia za ndani. Milango ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mwaka 1993 Michael Shirima, mzaliwa wa Kilimanjaro, alianzisha Precision Air jijini Arusha kwa ndege ndogo ya kukodi. Baadaye kampuni ilinunua ndege aina ya ATR, Kenya Airways ikachukua asilimia 49 ya hisa mwaka 2003, na mwaka 2011 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Vita vya nauli, 2012 hadi 2018

Tarehe 29 Novemba 2012, Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda KIA na Mwanza kwa ndege za jeti aina ya Airbus A319 zenye viti 156. Ilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kwa mara ya kwanza tiketi ya ndege ikakaribia nauli ya basi, na watu wengi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Wengine ilibidi wafuate. Precision Air, iliyokuwa na madeni ya ndege ilizonunua, ilitangaza hasara ya mabilioni ya shilingi katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013. Fastjet nayo haikupata faida ya kudumu. Mwaka 2016 serikali ilianza kuifufua Air Tanzania kwa ndege mpya mbili aina ya Q400, kisha zikafuata nyingine. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iliipa Fastjet notisi ya siku 28, ikieleza kwamba kampuni ilikuwa na madeni na haikuwa na ndege za kufanyia kazi. Safari zake hapa nchini zikaishia hapo, na zile nauli za kutupa zikaondoka nazo.

Kwa nini safari fupi ni ghali

Wengi huuliza: safari ni saa moja tu, mbona bei kubwa? Jibu ni kwamba ufupi wenyewe ndio tatizo. Ndege hula mafuta mengi inapopaa na kupanda juu. Katika safari fupi, ikimaliza kupanda inakaribia kuanza kushuka. Injini, matairi na miguu ya ndege huchakaa kwa idadi ya kuruka na kutua, si kwa muda wa kukaa angani tu, na kila mahali inapotua hulipa ushuru. Isitoshe, vipuri na kodi ya ndege hulipwa kwa dola, wakati abiria wa ndani analipa kwa shilingi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme safari moja ya ndege ya viti 70 inagharimu shilingi milioni 7. Ikijaa, kila kiti kimebeba gharama ya shilingi 100,000. Ikiondoka na abiria 35, kila mmoja amebeba 200,000. Sasa ikiwa abiria wa siku hiyo ni 70 tu, na kampuni mbili zimepanga ndege saa ileile, kila moja inaondoka nusu tupu. Zote zinapata hasara, tena huku zikipunguza nauli ili kunyang'anyana abiria.

Hapo anayebaki si lazima awe mwenye huduma bora. Mara nyingi ni mwenye mfuko mrefu wa kuvumilia hasara. Air Tanzania imekuwa ikitumia ndege zilizonunuliwa na serikali, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha hasara kwa miaka kadhaa. Wapo wanaosema ni haki, kwa kuwa shirika hilo linafika mikoa ambayo mfanyabiashara binafsi asingekwenda. Wapo wanaosema kampuni binafsi haziwezi kushindana na anayelipiwa hasara na mlipakodi. Hoja zote mbili zina uzito.

Mshindani mwingine yuko chini

Ndege haishindani na ndege peke yake. Kati ya Dar es Salaam na Unguja, ndege hutumia dakika 20 hivi, lakini boti za kasi hufika kwa takribani saa mbili. Kwa hiyo kampuni za ndege haziwezi kupandisha nauli kupita kiasi bila kukimbiwa. Kwetu mshindani ni basi, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi imerudi. Lakini kutoka Kilimanjaro hadi Zanzibar kwa njia ya chini ni siku nzima barabarani, kisha boti. Mwenye haraka hana njia nyingine, na kampuni za ndege zinalijua hilo.

Msimu nao una nguvu. Julai hadi Oktoba wageni ni wengi. Desemba Wachagga wanapanda kuja nyumbani, na viti vya kuja huku hugombaniwa. Aprili na Mei, wakati wa masika, ndege huruka na viti vitupu, na hapo ndipo bei hushuka.

Nani anasimamia

Nauli ya juu ya basi hupangwa na LATRA. Nauli ya ndege huachiwa soko, ila TCAA husimamia leseni na usalama. Tume ya Ushindani, FCC, hushughulikia kampuni zinazokula njama au kutumia ukubwa wao kuua wenzao. Mashirika ya nje yanayotua KIA kisha kuendelea Dar es Salaam, kama KLM lilivyofanya kwa miaka mingi, kwa kawaida hayaruhusiwi kuuza tiketi za kipande hicho cha ndani.

Kabla ya kulipa

Nunua mapema. Viti vya bei ya chini ni vichache na huisha kwanza. Linganisha bei ya KIA na ya Arusha, ukijumlisha nauli ya gari hadi uwanjani.

Uliza uzito wa mzigo. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu, na mkungu wa ndizi unaweza kukugharimu.

Lipa kwa kampuni yenyewe au wakala wake anayetambulika, na tunza ujumbe wa malipo kwenye simu. Safari ikifutwa, omba kwa maandishi urudishiwe fedha au upewe ndege nyingine. Usiposikilizwa, peleka malalamiko TCAA, au kwenye baraza la watumiaji wa huduma za anga, TCAA-CCC.

Na ukiona nauli ya chini kupita kawaida kwa safari ya miezi mingi ijayo, ifurahie, lakini fahamu kuwa tiketi ni ahadi. Ina thamani ikiwa tu kampuni itakuwepo siku ya safari.