Wimbi la bakulini, wimbi la umeme

Sokoni Busia, neno wimbi huuzwa kwa debe. Ni ile nafaka nyekundu ya uji, ambayo Mtanzania huiita ulezi. Upande wa Dabani na Tororo huchachushwa ikawa malwa, pombe inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja.

Wimbi jingine hupita juu ya vichwa vya wanywaji hao, ndani ya nyaya. Tangu 1958, umeme wa bwawa la Owen Falls, Jinja, umevuka mpaka kuingia Kenya kupitia Tororo. Umeme huo hupanda na kushuka kwa mkunjo laini mara 50 kila sekunde. Transfoma nayo huvuma mara 100, kwa kuwa chuma chake hutikisika mkondo unapopanda na tena unaposhuka. Mnaijua sauti ile.

Mkunjo huo wahandisi huuita wimbi saini. Lakini saini si ile anayotia dereva wa lori kwenye karatasi za forodha? Sivyo. Hii ilianza Uhindi kama jya, yaani uzi wa upinde. Waarabu wakaiandika jiba, ikasomwa jaib, mfuko au mkunjo wa vazi. Watafsiri wa Kilatini wakaweka sinus, na ndiko ilikotoka saini hii.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alionyesha kwamba hata mtikisiko wenye vurugu waweza kuchambuliwa kuwa mawimbi saini mengi. Ndiyo maana watafiti huanza na wimbi hili kabla ya mengine, na ndiyo maana mwandishi angependa vitabu vya shule viliandike kwa Kiswahili bila woga.