Ramani ya Mabaharia wa Ziwa Viktoria

Wazee wetu husema kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Msemo huu ni wa kweli, lakini nahodha hawezi kuufuata. Yeye aliyechukua roho za watu chomboni hapana budi ajue kina cha maji kabla hajayafika. Akingoja mpaka afike, mwamba ndio utakaomfundisha. Kwa ajili hiyo watu walibuni ramani ya majini, nayo si sawa na ile uliyoizoea darasani. Ramani ya nchi kavu huonyesha vitu ambavyo msafiri angeweza kuviona kwa macho yake; ramani ya majini huonyesha hasa yale yaliyofichwa.

Huenda wewe, msomaji wa Malili, ukauliza: sisi wa nyanda kavu za Ukambani, tulio mbali na ziwa, jambo hili latuhusu nini? Itazame reli ipitayo Konza. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Haikukusudiwa kuishia ufukoni tu, bali kukutana na meli za Ziwa Viktoria. Vipande vya chuma vya meli Winifred na Sybil vilipita katika mbuga hizi hizi juu ya mabehewa, vikaenda kuunganishwa Kisumu. Na kama utakavyoona, ramani ya ziwa ilikuwa na neno katika kuamua mahali reli itakapokoma.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi ziwa hili lilivyoingia katika ramani za Wazungu. Wavuvi wa kandokando walilijua tangu zamani, kila jamaa maji yake, ingawa hawakuyaandika. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilifikia upande wa Mwanza. Aliona sehemu ndogo tu ya kusini, lakini akatangaza kwamba ndilo chanzo cha Mto Nile. Wengi walimbishia, wengine walidhani si ziwa moja bali ni maziwa kadhaa. Ubishi huo haukuweza kukatwa kwa maneno. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika na mashua yake Lady Alice, ambayo wapagazi walikuwa wameichukua vipande vipande kutoka pwani. Akalizunguka ziwa kwa muda wa miezi miwili hivi, na ikathibitika kwamba ni ziwa moja.

Hata hivyo, mtu apitaye upesi hawezi kuona yote. Nyuma ya visiwa vya Mfangano na Rusinga ipo Ghuba ya Winam, iliyoitwa zamani Ghuba ya Kavirondo. Mlango wake umezibwa na visiwa hivyo, na Stanley hakuutambua urefu wa ghuba. Katika ramani yake palichorwa hori dogo tu. Miaka ilipita na kosa hilo likaendelea kunakiliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, B. Whitehouse, alipewa kazi ya kulipima ziwa, akaufuata ufuko hori kwa hori. Ndipo ilipofahamika kwamba maji yaingia mbali sana katika nchi. Hapo kwanza ilidhaniwa kwamba reli ingeishia Port Victoria, karibu na mpaka wa Uganda. Baadaye Kisumu, ulio mwishoni mwa ghuba hiyo, ndio uliochaguliwa. Tazama, basi, jinsi mstari mmoja wa wino ulivyoweza kuhusiana na maisha ya mji mzima.

Wapimaji wa zamani walitumia bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Bildi hutupwa majini mpaka iguse chini, kisha kamba husomwa kwa pima, na pima moja ni futi 6. Kazi hiyo hurudiwa mara elfu nyingi. Lakini kati ya bildi moja na nyingine hubaki mahali pasipopimwa, na mwamba mwembamba waweza kujificha hapo. Mwezi wa Novemba 1914 meli Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, upande wa kusini-mashariki wa ziwa, ikatoboka.

Sasa fikiri jambo lililo gumu zaidi. Ramani hubaki vile vile, na ziwa halibaki vile vile. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua nyingi ziliinua maji ya Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006, baada ya ukame na maji mengi kufunguliwa katika mabwawa ya Jinja, ziwa lilishuka sana. Mwaka 2020 likapanda tena, likafikia kimo cha 1964. Maji yakishuka, mahali palipoandikwa kuwa pana kina cha kutosha hupunguka. Yakipanda, mwamba uliokuwa ukionekana hufunikwa, ukawa adui asiyeonekana. Kwa hiyo kila ramani ya majini lazima iseme wazi kina chake kimehesabiwa kutoka kimo gani cha maji, na nahodha alinganishe na kipimo cha siku ile.

Watu pia hubadili ziwa. Katika miaka ya 1980 mlangobahari mwembamba wa Mbita, kati ya Rusinga na bara, ulizibwa kwa tuta la barabara. Mwaka 2017 daraja likafunguliwa mahali pake. Nahodha aliyeishika ramani ya kale katika miaka ile angepanga kupita mahali palipokuwa na ukuta wa mawe.

Wala usahihi peke yake hautoshi; ramani lazima isomeke. Tarakimu zikijazana, jicho huchoka na ile moja ya hatari hupotea kati ya mia zisizo na maana. Mchoraji mwema huchagua: huacha nyingi za maji marefu, na huweka wazi zile za miamba na milango. Lazima pia aandike vipimo vyake ni vya namna gani. Nambari 3, ikiwa ni ya pima, ni zaidi ya mita 5. Ikiwa ni ya mita, ni chini ya pima 2. Nahodha mwenye meli ihitajiyo mita 4 za maji, akizisoma mita 3 kama pima 3, atapanda juu ya mwamba hali ramani yake haikukosa hata kidogo.

Basi, msomaji, utakapoifungua ramani yo yote, hata ya wilaya yako, uliza maswali matatu: ilipimwa mwaka gani, na nani ameisahihisha tangu hapo, na vipimo vyake ni vipi? Aliyeichora aliona siku yake tu. Kuiweka kweli ni kazi ya wale wanaomfuata, na miongoni mwao huenda ukawamo wewe.