Kukadiria Mwendo wa Pikipiki Iliyoserereka: Kutoka Sheria za Msuguano hadi Uchunguzi wa Ajali

Hesabu wanayoitumia wachunguzi wa ajali za pikipiki ina asili ya kale kuliko pikipiki yenyewe. Mwaka 1699, Guillaume Amontons aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba msuguano huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, wala hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Charles-Augustin de Coulomb, aliyefanya majaribio yake huko Rochefort, alichapisha mwaka 1785 matokeo yaliyoonesha kuwa, kwa kiasi kikubwa, msuguano wa kitu kinachoserereka haubadiliki na mwendo wake.

Kutokana na sheria hizo, mwendo wa mwanzo ni kipeuo cha pili cha zao la mbili, kizigeu cha msuguano, mchapuko wa graviti na umbali wa kuserereka. Uzito haumo, kwa kuwa hujifuta pande zote mbili za mlinganyo. Ndiyo maana fomula hii iliwavutia polisi: ilihitaji utepe wa kupimia na namba moja tu ya kuchagua.

Ugumu wote umo katika namba hiyo. Coulomb alijaribu mbao na metali zilizolainishwa. Pikipiki iliyolala ubavu si gogo. Ncha ya usukani na vikanyagio huchimba lami, na kuchimba si msuguano kwa maana ya Coulomb. Pikipiki iliyofunikwa kwa plastiki huteleza kwa urahisi zaidi kuliko ile ambayo vyuma vyake viko wazi. Tena, kishindo cha kuanguka hula sehemu ya mwendo, hivyo mserereko mfupi huweza kutoa kizigeu kikubwa kuliko mserereko mrefu wa chombo kilekile.

Tofauti hizo si ndogo. Kwa alama za mita 30, kizigeu cha 0.35 hutoa takriban kilomita 52 kwa saa, cha 0.6 hutoa kilomita 68. Mahali ambapo kikomo ni kilomita 50, dereva wa kwanza amekivuka kidogo tu, wa pili anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Alama barabarani ni zilezile.

Nchini Marekani, utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa mwaka 1981, ulichunguza zaidi ya ajali 900 za Los Angeles katika maeneo zilipotokea. Mwendo wa kati kabla ya hatari ulikuwa maili 29.8 kwa saa. Wakati wa kugongana, maili 21.5. Waendeshaji wengi walikanyaga mno breki ya nyuma na kuitumia kidogo ile ya mbele.

Jambo hilo lina uzito katika hesabu, kwa sababu mara nyingi alama ya tairi hutangulia mikwaruzo ya chuma. Kila hatua ina kizigeu chake, na kinachojumlishwa ni miraba ya mienendo, si mienendo yenyewe. Tairi la nyuma likiburuzwa mita 12 kwa kizigeu cha 0.35 kabla ya mserereko wa mita 30 uliotajwa, jibu sahihi hukaribia kilomita 61 kwa saa. Anayejumlisha mienendo miwili moja kwa moja hupata 84, na kosa hilo humwangukia mwendeshaji, ambaye pengine hayuko hai kulipinga.